Kutia maandishi nyuma ya Rolex ya mzee anayestaafu bandarini: apewe fundi gani Mombasa, na tuandike nini?

Mtoto_wa_Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri, na mwenye kejeli tu apite.

Mzee wetu ni rubani wa bandari, wale wanaopanda meli huko nje na kuziingiza Kilindini kupitia mlango wa Likoni. Mwisho wa mwaka anastaafu. Sisi watoto tumechanga, ami yetu aliyeko Dubai akatujazia, na saa imenunuliwa huko: Rolex Datejust, milimita 36, chuma kitupu, ukingo wake laini. Ishafika na kadi yake ya dhamana. Mzee hajui lolote.

Sasa twataka kutia maneno nyuma. Hapo ndipo nyumba imegawanyika. Kakangu asema tukiiandika tumeiua. Dadangu ataka ubeti mzima wa shairi, tena kwa herufi za Kiarabu kwa sababu mzee hata daftari la deni la duka aliliandika hivyo hivyo. Mimi nataka neno moja tu na mwaka. Na sote hatujui nani wa kumpa kazi hii hapa mjini: mwenye leza, sonara, ama fundi saa?

Mwaonaje?

Dalali_Digo_Road
Kakako ana akili. Saa hiyo ni akiba. Siku mzee akiugua, na Mungu amuepushe, itauzwa ndani ya siku mbili. Itieni jina muone. Mnunuzi wa kwanza atawauliza "huyu ni nani?", wa pili atawauliza mmeiba wapi. Mimi nikiletewa saa yenye maandishi nakata bei kabla hata sijaishika.

BintiTudor
@Dalali_Digo_Road kwa hivyo watu wachange, wamnunulie baba yao saa, halafu waiweke safi kwa ajili yako wewe utakayekuja kuinunua? Subhanallah.

Mla_Viazi_Karai
Dalali yuko sawa nusu. Kuna saa iliyopanda bei *kwa sababu* ya maandishi. Mwigizaji Paul Newman alikuwa na wazimu wa mbio za magari. Mkewe, Joanne Woodward, akampa Rolex Daytona, nyuma imechorwa maneno matatu tu: mawili ya kumwambia aendeshe kwa hadhari, na la tatu "mimi". Hata jina lake hakuweka, nani tena angemwambia hivyo. Oktoba 2017 ikapigwa mnada na Phillips kule New York kwa dola 17,752,500.

Dalali_Digo_Road
Mzee wa Kibokoni ni Paul Newman?

Mla_Viazi_Karai
Kwa mkewe huenda ndiye 😂

Msafiri_wa_Maskati
Si lazima twende Marekani. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman, miaka ya 1970 alikuwa akiagiza Rolex kupitia duka la Asprey la London, nyingine zikiwa na khanjari ya nembo ya Oman usoni kabisa, akizigawa zawadi. Wapo hata wanajeshi wa Kiingereza waliopigana vita vya Dhofar waliopewa. Leo wakusanyaji wanazigombea hizo, na iliyofutwa khanjari ndiyo imeharibika.

Lakini nakubaliana na Dalali kwa hili: kwa sisi watu wa kawaida, maandishi yanashusha bei. Hilo likubalini mapema, lisije likawa lawama baadaye. Kisha mjiulize kama kuna mtu kwenu ana nia ya kuiuza. Kama hakuna, maneno ya bei yamekwisha.

Mtoto_wa_Kibokoni
Hakuna wa kuiuza. Mzee bado anavaa saa aliyopewa na babake, na haifanyi kazi.

BintiTudor
Basi endeleeni. Ila kwa wanaosoma hapa na hawajanunua bado, kuna saa ambayo mgongo wake ni kama uliumbwa kwa ajili ya maandishi: Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ya 1931. Ilibuniwa kwa maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakicheza polo India. Uso unapinduliwa ndani ya fremu yake ili kioo kisipasuliwe na mpira, na unaobaki nje ni mgongo wa chuma mtupu. Watu wakaanza kuuandika majina na nembo za ukoo. Lakini kinga yake dhidi ya maji ni mita 30 tu kwenye karatasi, mtu wa kupanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli haimfai.

FundiSaa_Mstaafu
Nimesoma yote. Sasa tuache bei tuzungumze chuma.

Kwanza, bahati yenu ni kwamba Datejust nyuma imeachwa laini, hamna neno la kiwanda la kukwepa. Zipo Rolex chache, kama Sea-Dweller, ambazo zimeandikwa huko nyuma. Na mwenye Omega Seamaster ya kupigia mbizi ya tangu 2018 asijisumbue, nyuma yake ni kioo cha yakuti, unaiona mashine inacheza. Hapo pa kuandika ni ule ukingo mwembamba tu wa chuma, na si kila mtu aupata.

Pili, dhamana. Rolex iliyouzwa tangu Julai 2015 ina dhamana ya miaka 5. Ikifunguliwa na mtu asiye wao, au kikabadilishwa kitu, dhamana imekwenda na maji. Kwa hiyo kabla ya kuja kwangu au kwa mwingine yeyote, ami yenu aende kwa huyo aliyemuuzia Dubai amuulize: "Mwatia maandishi wenyewe? Na mkitia, dhamana yabaki?" Jibu apewe kwa maandishi. Wakisema ndiyo, mpelekeeni saa mtu anayesafiri, aivae mkononi, mambo yaishe. Wakisema hapana, hapo ndipo mwachagua: mngoje dhamana iishe, au muisamehe.

Tatu, na hili ndilo huwatoa watu machozi. Saa haichorwi ikiwa nzima. Kifuniko kinafunguliwa, kinakwenda peke yake kwa mchoraji, na mashine inabaki kwa fundi imefunikwa. Niliwahi kuletewa saa iliyopelekwa nzima kwa mtu wa kuandika vikombe vya mpira. Akaifunga kwenye jiriwa, akachora. Nilipoifungua nikakuta unga wa chuma umo ndani, umeshika kwenye mafuta ya magurudumu. Kuiosha kulizidi bei ya maandishi mara nyingi sana.

Na kifuniko cha Rolex kina meno yake pembeni, chataka ufunguo wake. Ukimuona fundi anakisukuma kwa koleo au ncha ya kisu, chukua saa yako uondoke, hata salamu si lazima.

Mtoto_wa_Kibokoni
Ahsante sana mzee wangu. Na kikirudi, kitazuia maji kama mwanzo? Mzee akistaafu ndiyo kwanza atakuwa baharini, ana ngalawa yake.

FundiSaa_Mstaafu
Datejust ni ya mita 100, lakini hiyo ni ikiwa raba yake ni nzima na kifuniko kimekazwa sawasawa. Kikifunguliwa tu, raba mpya, ipakwe silikoni, kisha saa ipimwe. Muulize fundi: una mashine ya kupimia? Kuna ya hewa, inaibana saa kwa presha na kuangalia kama mwili wake unabonyea kidogo na kubaki hivyo, haina haja ya maji. Akikuonyesha ndoo, huyo anapima bahati yako.

Fundi_Leza_Bamburi
Salaam. Mimi nina leza ya faiba, nachora vyuma kila siku. Niseme kwa uwazi kwa sababu najua wenzangu wengi hawasemi.

Leza hufanya kazi mbili tofauti. Moja ni kuchimba, yaani chuma chenyewe kinaondoka na ukipitisha ukucha wasikia. Ya pili ni kuunguza, juu panageuka rangi nyeusi bila kuchimba. Wateja wanapenda hiyo nyeusi kwa sababu inasomeka haraka. Lakini ile nyeusi ni ngozi iliyopikwa kwa joto, na joto likizidi linaharibu kinga ya chuma cha pua dhidi ya kutu. Kwa jasho letu la Januari na chumvi ya hapa, baada ya muda unaweza kuona herufi zimepata wekundu. Saa ya kuvaa kila siku, mwambieni fundi achimbe, asiunguze.

Na saa nyeusi zile zilizopakwa rangi ngumu, ukichora tu chini panatoka pamemeta kama fedha. Wengine wapenda, lakini wajue mapema.

Sonara_Mjikale
Mwanangu Kibokoni, mimi ni jirani yako basi. Nimekaa na dhahabu na fedha maisha yangu, nikirithi meza kwa baba. Nami nitasema bila kupendelea mkono wangu.

Dhahabu ya karati 18 hukatika kwa tindo vizuri, mkono unateleza wenyewe. Chuma cha Rolex ni kigumu. Kwa mkono kinachoreka, lakini ncha ya tindo inakwisha haraka, inanolewa kila baada ya herufi chache, na ikiteleza mara moja umepiga mstari usiofutika. Sonara wa kweli anayechora chuma ni wachache, wengi wetu tumezoea fedha. Kwa hivyo ukiona mtu amekubali haraka mno, mwambie akuonyeshe kazi yake ya *chuma*, si bangili.

Kuna mashine ya kati, ile yenye ncha ya almasi inayokwaruza. Hiyo haikati, inalaza chuma kando. Nzuri kwa herufi nyembamba, ila ikisuguliwa na mkono miaka na miaka inafifia.

Maneno yakiwa ya Kizungu na tarakimu, mpeni huyo wa Bamburi achimbe, msitafute makuu. Lakini kama dada yako ameshikilia herufi za Kiarabu, hapo mna kazi. Programu nyingi za mashine hizi hazijui kwamba herufi zile hushikana mikono. Ukiandika "salama" zinatoka kila moja imesimama peke yake, sini huku, lamu kule, tena zimepangwa kutoka kushoto! Niliona pete ya ndoa imechorwa hivyo. Bwana harusi hakuelewa, shemeji zake ndio waliocheka.

Dawa yake: msiandike kwenye kompyuta. Mpelekeeni mwenye hati nzuri, aandike kwa kalamu ya mwanzi na wino, kwa ukubwa, kisha ipigwe picha safi na kugeuzwa mchoro wa mistari. Mashine itachora mchoro, haina haja ya kujua kusoma.

Ustadh_wa_Makadara
Naongeza mawili kwa nia njema.

La kwanza, muepuke jina la Allah na aya. Saa inaingia na mtu msalani, inawekwa sakafuni wakati wa kutawadha. Ni mara ngapi mzee atakumbuka kuivua? Dua yaweza kuwa kwenye kadi.

La pili, nawapongeza kuchagua chuma. Kwa wanavyuoni wengi dhahabu kwa mwanamume ni haramu, na hata ile nyeupe bado ni dhahabu. Datejust nyingi za chuma zenye ukingo wa mistari, ukingo ule ni dhahabu nyeupe ya karati 18, na watu wanazivaa bila kujua. Yenu mmesema ukingo ni laini, basi afadhali.

Mjuaji_wa_Saa
Samahani ustadh, lakini vile vijiti vya saa usoni mwa Rolex navyo ni dhahabu ya karati 18, hata kwenye saa ya chuma. Huwekwa hivyo visififie.

BintiTudor
Wewe huna kwenu? 🤦🏾‍♀️

Ustadh_wa_Makadara
@Mjuaji_wa_Saa taarifa nzuri. Hapo kuna maneno ya wanavyuoni kuhusu kidogo kilichofungamana na kingine, na si ya kumalizia hapa. Muulizeni shekhe wenu wa mtaa, mzee mwenyewe asije akaulizwa msikitini hana jibu.

Mtoto_wa_Kibokoni
Tutauliza inshallah. Sasa turudi kwenye maneno. Dada hataki kuachia ubeti.

Malenga_wa_Likoni
Mimi ni mtu wa mashairi, lakini hapa namkatalia. Ubeti ni mishororo minne, kila mmoja mizani 16. Hizo ni mizani 64 nyuma ya saa ya milimita 36! Na ule uwanja laini wa katikati, ukitoa meno na mzingo, unabaki kama sarafu ya shilingi 20. Herufi zitakuwa ndogo hata mzee ahitaji miwani miwili.

Mtu wa kazi yake anastahili neno la kazi yake. Rubani kazi yake ni nini? Kufikisha. Mwandikieni: "Umetufikisha." Chini: "Wanao, 2025". Basi. Meli na nyumba zote mbili zimo humo.

Msafiri_wa_Maskati
Hili limenishika.

BintiTudor
Nalia kazini jamani.

Dalali_Digo_Road
Hata mimi nakiri ni neno zuri. Bei bado nakata.

Sonara_Mjikale
Neno ni zuri na kwa herufi za Kiarabu linaandikika bila kuhitaji che wala pe wala ve, zile nukta tatu za taabu. Lakini angalieni mambo mawili. Katika hati yetu ya zamani *e* na *i* zote huwekewa kasra, kile kijistari cha chini ya herufi, kwa hiyo "umetu" na "umitu" zinafanana. Mzee aliyezoea atasoma sawa, mjukuu atakwama. Na la pili, nukta. *Fa* ina moja, *qaf* ina mbili. Nukta ikichimbwa chini ya nusu milimita inajaa uchafu na jasho, haionekani, neno linageuka. Mwambieni mwandishi nukta azinenepeshe kuliko kawaida, na irabu aziache isipokuwa pale ambapo bila yake neno halisomeki.

Fundi_Leza_Bamburi
Naunga mkono. Na msinipe kifuniko siku ya kwanza. Nipeni mchoro, nitauchapisha kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa saa, mshike mkononi, mpe mama yenu asome bila kumwambia limeandikwa nini. Akisoma sawa, nachora kwenye kipande cha chuma cha pua cha bure. Akisoma tena sawa, ndipo kifuniko chenyewe. Anayekataa majaribio hayo mkimbieni, chuma hakina kifutio.

Mjuaji_wa_Saa
Kifutio kipo. Hujazwa chuma kwa leza ya kuchomelea kisha hupigwa msasa.

Fundi_Leza_Bamburi
Kipo, kwa wachache na kwa fedha nyingi. Na wale wasionacho husugua tu mpaka herufi zipotee, kifuniko kinabaki chembamba. Ndiyo maana nasema hakina.

FundiSaa_Mstaafu
Kuna kitu kimoja hamjakitaja na ndicho huwaponyoka wengi. Kifuniko cha kuskurubu kinazunguka. Mchoraji akikiweka mezani hajui juu ni wapi. Atachora vizuri sana, mkirudisha na kukikaza, neno linasimama upande, limelala kama mlevi wa Mwembe Tayari.

Kabla hakijafunguliwa, kikiwa kimekazwa, bandikeni utepe wa karatasi nyuma, mpige mstari wa kalamu kuelekea ilipo 12 ya usoni. Utepe huo uende na kifuniko mpaka kwa mchoraji. Hata hivyo raba mpya yaweza kukifanya kisimame kidogo kabla au baada ya pale. Kwa hiyo mimi hutia raba mpya *kwanza*, nakaza, naweka alama, ndipo nafungua tena na kukitoa. Nikikirudisha, raba ni ile ile, na neno linasimama wima au karibu kabisa. Mafundi wavivu hutatua hili kwa kuandika kwa duara kuzunguka ukingo, na si vibaya kwa neno refu, lakini neno fupi likizungushwa linakuwa kama muhuri wa ofisi.

Dada_Mtu
Salaam. Mimi ndiye yule dada wa ubeti. Nimeuona uzi, mdogo wangu alisahau kwamba hata mimi nimo humu.

Ubeti nimeuachia, utaandikwa kwenye kadi na @Malenga_wa_Likoni atausahihisha bure kwa sababu ndiye aliyeniangusha. "Umetufikisha" nimekubali. Lakini kwa herufi za Kiarabu, na "Wanao" pia, mwaka peke yake ndio uwe kwa tarakimu za kawaida. Hapo sirudi nyuma. Maalim wangu wa chuo bado yuko hai na hati yake twaijua mtaa mzima, nitamwendea mimi.

Ami ametujibu pia: muuzaji wa Dubai atia maandishi, lakini kwa Kizungu tu, kwa mtindo wa herufi walio nao. Kwa hivyo tumekubaliana dhamana tuisamehe. Kaka bado amenuna.

Mtoto_wa_Kibokoni
Nilikuwa nataka kusema hayo hayo 😅 @FundiSaa_Mstaafu, @Fundi_Leza_Bamburi, @Sonara_Mjikale, naomba niwatumie ujumbe wa siri. Twataka kifuniko kitoke kwa fundi, kipite kwa sonara alinganishe hati, kiende Bamburi, kirudi kwa fundi.

FundiSaa_Mstaafu
Nitumie. Ila kifuniko kisitembee kwa bodaboda kwenye bahasha. Mmoja wenu akibebe mwenyewe, na karibu na sherehe msiniharakishe, raba iliyokazwa kwa haraka ndiyo inayovuja. Na mzee akishaivaa, mwambieni akitoka baharini aisuuze kwa maji baridi, herufi zile zinashika chumvi kuliko chuma laini. Mswaki mkuukuu laini unatosha.

Sonara_Mjikale
Dada, hati ya maalim uilete asubuhi, kabla macho yangu hayajachoka. Na usimwambie ni ya Rolex, ataandika kwa woga.

Mla_Viazi_Karai
Jamani nami nina pete ya fedha nataka kuitia jina la mke, nifanyeje?

Dalali_Digo_Road
Fungua uzi wako. Na uhakikishe ni mke yule yule.